Kuwinda Uniti 75

Saa tatu usiku, wiki ya kwanza ya Februari, mwandishi wa makala haya alikuwa uani kwake Tabata, amekalia ndoo iliyofudikizwa, macho kayakaza kwenye mita ya umeme. Mkono wa kushoto ulishika simu inayohesabu sekunde, wa kulia ulikuwa unaua mbu. Jirani aliyekuwa anaanua nguo upande wa pili wa ukuta alimtazama weee, mwisho uvumilivu ukamshinda.

"Jirani, kwema? Umepoteza nini hapo?"

"Kwema. Hela."

"Zimedondokea kwenye mita?"

Swali lilikuwa la mzaha, lakini jibu lake lilikuwa ndiyo.

Mita ya LUKU ina taa ndogo nyekundu inayokonyeza. Ubavuni mwa mita ya mwandishi pameandikwa kwamba taa hiyo ikikonyeza mara 1,000, uniti moja imekwenda. Watu huishi na taa hiyo miaka nenda miaka rudi bila kuitilia maanani, nao hulala usingizi mzuri. Aliyekwisha kuijua siri yake hana raha tena. Pasi ya wati 1,000 huifanya ikonyeze kila baada ya sekunde tatu na nusu hivi. Birika la umeme la wati 2,000 huiendesha mbio kama jicho lililoingiwa na pilipili. Balbu moja ya LED ya wati 9, ikiwashwa peke yake, mtu anaweza kwenda duka la jirani, akanunua kiberiti, akasalimiana na watu wawili, akarudi kabla taa haijakonyeza mara ya pili. Usiku ule mtoto wa kiume alisimamishwa mlangoni kama mpiga debe, akitangaza kila abiria anayepanda: "Baba, nimewasha pasi! Baba, nimezima pasi, nawasha tivii!"

Chanzo cha yote hayo kilikuwa Januari. Mzazi wa Dar es Salaam anajua kwamba mwezi huo hauna siku 31. Una ada, sare, viatu vya shule, madaftari yenye majalada ya rangi ambazo mwalimu peke yake ndiye anayejua umuhimu wake, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Katikati ya dhiki hiyo mwandishi aliketi akasoma bei za umeme kama mtu anayesoma wosia wa babu tajiri.

Bei zilizotangazwa 2016 zinasema hivi. Mteja wa kawaida, kundi la T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, kundi la D1, ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 tu, ila akivuka hizo 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Juu yake kuna asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya mdhibiti. Ndipo zinapopatikana zile hesabu ambazo kila mpangaji anazijua kwa kichwa: elfu moja inampa huyu uniti 2.8 na mwenzake uniti 8.2. Halafu tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda hadi 1,500. Mpangaji huilipia nyumba isiyo yake, kisha akiwa na ujasiri huenda kumdai mwenye nyumba. Mwandishi hana ujasiri huo.

Nyumba yake ilikuwa inakula uniti kama 118 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 42,000. Uniti 75 kwa bei ya watumiaji wadogo ni shilingi 9,150. Tofauti, kwa mwaka, inakaribia laki nne. Alipiga hesabu hiyo mara tatu nyuma ya bahasha ya ada, na mara zote tatu jibu likawa lile lile, jambo ambalo kwake si la kawaida. Uniti 75 kwa siku 30 ni uniti mbili na nusu kwa siku. Hiyo ndiyo ikawa katiba ya nyumba.

Sheria zilisomwa wakati wa chakula cha usiku. Feni mwisho saa nne. Pasi Jumapili tu. Taa ya nje marufuku. Friji itapumzishwa usiku, maana hata binadamu hulala. Mama watoto aliendelea kumchambua kibua wake miiba, hakuinua uso. Alisema neno moja tu: "Haya."

Wanaume waliokaa kwenye ndoa muda mrefu wanaijua "haya" ya namna hiyo. Mwandishi yuko kwenye ndoa mwaka wa 14, na bado aliisikia kama ndiyo.

Feni ndiyo iliyotangulia kulipiza kisasi. Februari ya Dar es Salaam haina mjadala: mchana joto linavuka nyuzi 30, na kuta za matofali ya saruji zinalinyonya kutwa nzima ili zilitapike usiku watu wakishalala. Feni ya wati 60, ikizunguka saa nane, haimalizi hata nusu uniti. Kwa bei ya T1 ni kama shilingi 170. Kwa ajili ya hizo 170 familia ililala madirisha wazi. Wavu wa dirisha moja ulikuwa na tundu la kupita paka, na mbu wa Tabata si wavivu. Ikanunuliwa dawa ya mbu ya kuchoma. Dawa ikamkohoza mtoto mdogo. Usiku wa nne mwili wake ukawa wa moto, na Jumamosi asubuhi baba mtu alikuwa zahanati, kijana kampakata.

Daktari alisoma majibu ya kipimo. "Hana malaria, mzee. Ana joto tu, na vipele vya joto hivi hapa shingoni. Nyumbani hakuna feni?"

"Ipo."

"Imeharibika?"

Mwandishi alianza kusoma kwa makini bango la unawaji mikono lililobandikwa ukutani. Kumwona daktari, kipimo, poda na bodaboda ya kwenda na kurudi viliondoka na shilingi 23,000. Fedha hiyo ingeizungusha feni usiku 130 na ushee.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini mbanaji matumizi ana ugonjwa wake: kila hasara anaiona kuwa ni bahati mbaya, na kila akiba ya shilingi hamsini anaiona kuwa ni mfumo. Alhamisi iliyofuata alikuwa na kikao kazini, shati jeupe limekunjamana kama karatasi iliyotoka mfukoni, na sheria ya pasi aliitunga mwenyewe. Ndipo alipoikumbuka pasi ya mkaa ya marehemu bibi yake, ile yenye jogoo wa shaba anayekaa kwenye komeo. Miaka yote ilikuwa pambo juu ya kabati. Aliipangusa vumbi, akaijaza makaa, akaipunga huku na huku uani kuyaamsha, akateremsha kwapani jani la mgomba aliloomba kwa jirani, akalipitishia pasi kuusafisha uso wake, kama alivyomwona bibi akifanya. Pasi iliteleza vizuri ajabu. Kola ikanyooka. Mikono ikanyooka. Mwandishi akaanza kuimba.

Pasi ya mkaa haipendi mtu anayeimba. Ina matundu ubavuni, na matundu hayo yapo ili makaa yapumue. Ukiitikisa kwa mbwembwe, kaa nalo linatoka kupunga upepo. Lilitua juu ya mfuko wa shati, upande wa moyo, likaacha tundu lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia na ukingo wa kahawia. Shati lingine halikuwepo. Siku nzima mwandishi alikaa kikaoni akiwa amekumbatia faili kifuani, mpaka mkuu wake wa kazi akamwita pembeni kumuuliza kama anapata maumivu ya kifua na kama bima yake ya afya iko hai.

Hapo inafaa kukumbusha kwamba Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nchi inatoka kwenye mkaa. Mwandishi alikuwa anarudi, amevaa shati lenye tundu.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe alishuka stendi akitokea Muheza, na kikapu cha nazi na mafungu ya mchaichai. Kuja kwa mkwe kulimpa mwandishi matumaini, kwa sababu mama huyu anajua kubana matumizi kwa namna ambayo kizazi cha sasa hakiwezi kuigiza. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ile 18 ilizaa miaka. Mama mkwe alipanga foleni ya sabuni akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo leo ndiye mama watoto. Alikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mpaka leo akiona ugali wenye rangi kidogo anauliza umetoka wapi. Anasimulia 1983, msako wa wahujumu uchumi wakati wa Waziri Mkuu Sokoine, watu walivyokuwa wakitupa usiku wa manane vitu walivyovitafuta kwa miezi, kwa hofu ya kuulizwa wamevipata wapi.

Alipofika hakutoa hotuba. Siku ya kwanza aliuchukua mche wa sabuni uliokuwa bafuni, akaukata vipande kwa uzi, akavianika juu ya ukuta. Sabuni ya mche ina maji ndani yake. Ikikauka inakuwa ngumu, haiyeyuki ovyo kwenye beseni, na kipande cha wiki moja kinasukuma mbili. Usiku aliloweka maharage bila kumwambia mtu, na kesho yake yakaiva kabla watoto hawajamaliza kazi za shule, gesi ikapona. Chai alichemsha mara moja, akaijaza kwenye chupa, birika la umeme likapewa likizo. Mwandishi alimfuata nyuma akitazama, kama mwanafunzi wa ufundi. Jioni alimweleza kwa heshima zote mpango mzima wa uniti 75: feni, pasi, friji kupumzika.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akakunja ukili wake aliokuwa anasuka.

"Mwanangu," alisema taratibu, "sisi tulifunga mkanda kwa sababu vitu havikuwepo. Wewe feni unayo, umeme unao, umeuzima. Sasa huo mkanda umemfunga nani?"

Mkwe hajibiwi. Mwandishi alisema, "Ni kweli, mama," akatoka nje kutazama mita.

Kisa cha nyanya hakihitaji maneno mengi. Tenga zima soko la Ilala ni rahisi sana ukilinganisha na kununua fungu fungu mtaani. Hilo ni kweli na litabaki kuwa kweli. Lakini tenga halipandi daladala, kwa hiyo kirikuu ikakodiwa, na familia ya watu sita haiwezi kula nyanya zilizokusudiwa kwa mgahawa. Siku ya tatu zilianza kulegea. Siku ya tano mtaa mzima wa Tabata ulikuwa unapika mchuzi mzito kwa hisani ya mwandishi, na majirani ambao walikuwa hawajapiga hodi tangu Krismasi walikuja wakiwa na mabakuli. Zilizosalia mama watoto alizimenya, akazichemsha, akazifungia kwenye mifuko, akazitia kwenye friza. Kumbukeni hiyo friza.

Halafu koki. Koki ya sinki la jikoni ilikuwa inadondosha maji tone moja moja, na mtu anayewinda uniti hawezi kulala penye mdondoko. Aliitegea ndoo ya lita 20 tangu asubuhi hadi asubuhi, ikajaa. Kwa mwezi ni lita 600. Uniti ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo hasara haikufika hata uniti moja, yaani bei ya soda na andazi. Fundi bomba alitaja shilingi 10,000, mpira wa koki ukiwemo. Mwandishi aliona ni wizi wa mchana. Mpira wenyewe dukani ni wa mia chache, na spana anayo.

Alichokisahau ni kufunga maji kwanza. Koki ile ilikuwa imeota kutu tangu enzi ambazo nyumba ilikuwa mpya; alipoizungusha kwa nguvu ilikatikia ndani ya bomba, na maji yakatoka yameshikana kama fimbo, yakapiga dari, yakarudi na vumbi la dari. "Geti valvu iko wapi?" alipiga kelele, kiganja kakibandika kwenye bomba, maji yakimtoka baina ya vidole na kumwingia puani. Hakuna aliyejua. Amekaa nyumba hiyo miaka sita. Mama mkwe, ambaye alikuwa na siku tano tu, aliinuka kwenye mkeka, akaenda nyuma ya nyumba, akasogeza jiwe la kufulia, akafunga.

Fundi aliporudi alisimama mlangoni, suruali imekunjwa, akaangalia ziwa, akaangalia spana. "Boss, kumbe ulishaanza mwenyewe," alisema, na kwa sauti ile ile ya upole akataja 45,000.

Katika mahangaiko yote hayo sera moja ilikuwa inasonga mbele bila dosari, nayo ni ya friji. Kila usiku saa nne mwandishi aliizima ukutani kwa mkono wake. Kila asubuhi aliikuta inanguruma, akajua mama watoto ameiwasha alipoamka kuandaa chai. Wiki mbili hakuna kilichooza, hata maziwa. Alijisifu kazini. Alimweleza mwenzake wa meza ya pili kwamba watu wanadanganyana bure kuhusu friji, kwamba usiku hakuna anayeifungua na baridi inajitunza yenyewe. Mwenzake akaenda kuzima ya kwake. Mwandishi hajamuuliza iliishaje.

Ijumaa ya tatu ya mwezi mama watoto na mama yake walisafiri kwenda Muheza kwenye arobaini ya ndugu. Maagizo yalikuwa machache: nguru wa Jumapili yuko kwenye friza, nyanya ziko pale, na barafu za ukwaju na ubuyu ziko 80, binti mkubwa atauza. Mwandishi aliitika. Kisha akaona fursa: nyumba bila watu haili umeme. Jioni ile ile aliwapeleka watoto wote kwa shangazi yao Kimara hadi Jumapili, akarudi peke yake, akazima friji saa nne, akalala kwenye giza la kifalme.

Jumamosi alfajiri alitoka kwenda kazini nusu siku. Kutoka kazini alipitiliza Sinza, kwenye kikao cha harusi.

Kikao cha harusi ni mahali ambapo uniti hazisomwi. Palikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na bajeti yenye ukumbi, mapambo, mpiga picha za mnato na wa video, keki na vinywaji. Majina yalisomwa, ahadi zikatajwa. Mtu anasimama, anataja, watu wanapiga makofi. Akitaja kidogo, makofi yanapigwa na vidole viwili. Ilipofika zamu ya mwandishi, yule ambaye wiki nzima alikuwa anahesabu konyezo za taa alisimama, akakohoa, akasema kwa sauti ya kwaya, "Laki moja." Makofi yalikuwa mazuri. Hata bwana harusi mtarajiwa aligeuka kumtazama.

Alirudi Tabata saa tatu usiku, bado makofi yakimlia masikioni, na alipofungua mlango wa jikoni aliteleza.

Kwenye sakafu palikuwa na mto. Ulianzia chini ya mlango wa friji, mwembamba, wa kahawia upande mmoja kwa ukwaju na mwekundu upande wa pili kwa ubuyu, ukapita chini ya meza hadi kwenye tundu la maji machafu, na kandokando yake sisimizi walikuwa wamepanga foleni ambayo mama mkwe angeitambua. Alifungua friza. Mifuko ya barafu ilikuwa imelala ubavu, imelegea, mafundo ya baadhi yameachia. Mingine imevimba kwa sababu ukwaju wenye sukari katika joto la Dar es Salaam haukai kimya, unaanza kuchacha. Nguru alikuwa juu kabisa. Katika saa 23 za kuyeyuka aliteremsha maji yake taratibu, tone kwa tone kama koki, juu ya kila kilichokuwa chini.

Soketi ilikuwa imezimwa. Hakuna aliyeiwasha. Na hapo, amesimama kwenye ubuyu, ndipo mwandishi alipoelewa kwa nini wiki mbili hakuna kilichooza. Kila usiku, baada ya yeye kuanza kukoroma, kuna mtu alikuwa anainuka na kuiwasha. Friji ile haikuwahi kupumzika hata nusu saa. "Haya" ilikuwa na maana hiyo.

Mwanamume mwingine angempigia mkewe simu. Huyu alipiga deki, akamtupa nguru, akafunga mafundo ya mifuko upya, akaipangusa mmoja mmoja, akaipanga, akazungusha kitufe cha baridi hadi mwisho. Kisha akaenda kukalia ndoo yake mbele ya mita. Friji iliyokwisha kupata joto haina mchezo: inabidi ilitoe joto lote lililoingia, ndani ya kuta zake na ndani ya kila kilichomo, kabla haijagandisha chochote. Mashine haikupumzika usiku kucha. Taa ilikonyeza na kukonyeza. Alipolala, saa nane, alikuwa amekwisha kula sehemu nzuri ya akiba aliyodhani anayo.

Jumapili jioni mama watoto alirudi. Barafu zilikuwa zimeganda, bapa kidogo, lakini zimeganda. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa mtoto wa yule jirani wa nyuma ya ukuta, na sarafu yake ya mia. Alipewa ya ukwaju, akang'ata kona, akanyonya, akatembea hatua tatu. Akasimama. Akarudi.

"Mama, hii inanuka samaki."

Mama watoto aliipokea, akainusa. Akaenda kwenye friza, akanusa nyingine. Aliangalia soketi, akaangalia mafundo ambayo hayakufungwa kwa mtindo wake, akamwangalia mwandishi, ambaye alikuwa anasoma gazeti la wiki iliyopita. Alirudisha mia ya watu. Zote 80 zikaenda kwenye ndoo ya taka. Hakugomba. Alikwenda chumbani, akarudi na daftari la mistari, la aina ile ile anayonunuliwa mtoto wa darasa la pili, akaliweka juu ya gazeti.

Ilikuwa ni mwaka mzima wa barafu. Siku za joto, barafu 80 kwa mia mia ni shilingi 8,000. Toa sukari, ukwaju, ubuyu na mifuko, inabaki elfu tano na kidogo. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika, faida ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu na alama ya kuuliza. Upande wa matumizi palikuwa na nauli za watoto. Palikuwa na "mboga, hela haikutosha", mara nyingi kuliko mwandishi alivyopenda. Na kila baada ya siku chache, kwa mwandiko ule ule mdogo, palikuwa na neno moja: LUKU. Elfu tano. LUKU. Elfu tano.

Zile tarakimu 20 ambazo mwandishi alikuwa anazibonyeza kwenye mita tangu mwaka jana, akiona umeme "unakaa", hazikuwa zote za kwake. Nyingine zilinunuliwa na friji.

"Naomba na simu yako, Baba," alisema mama watoto, kwa adabu, kama karani wa benki. Akafungua ujumbe wa miamala. Kutoa 5,000, makato. Kutoa 5,000 siku hiyo hiyo, makato tena, kwa sababu mtu anayejibana hathubutu kutoa 20,000 mara moja asije akazila. Bodaboda, kwa kuwa alichelewa kwa kutazama mita. Kahawa na kashata kijiweni. Buku ya mkeka wa mpira, buku nyingine ya mkeka, timu ya tano ilimwangusha. Alisoma mpaka akafika Jumamosi, kwenye ujumbe wa mweka hazina unaomshukuru kwa ahadi ya shilingi 100,000. Hapo alinyamaza kidogo, akafunga simu, akamrudishia kwa mikono miwili.

Februari iliisha kwa uniti 97. Kundi la D1 halikuonekana hata kwa mbali. Balbu za LED zimebaki, maharage yanalowekwa, vipande vya sabuni vinakauka ukutani, na feni inazunguka mpaka asubuhi. Soketi ya friji imezibwa kwa gundi ya karatasi, na juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: ISIGUSWE.

Jumamosi ya kwanza ya Machi mwandishi alirudi kutoka kazini saa tisa, jua bado kali, shati limegandana na mgongo. Binti mkubwa alikuwa barazani na ndoo ya barafu iliyofunikwa kwa kitambaa. Baba alinyoosha mkono, akachagua ya ubuyu, akaipeleka mdomoni.

"Shikamoo, baba," alisema binti, akafungua daftari. "Ni mia."

"Marahaba. Andika, nitalipa kesho."

"Mama amesema baba hakopeshwi."

Alijipapasa mifukoni. Palikuwa na noti ya elfu moja, iliyokuwa njiani kwenda kwenye mkeka. Binti aliipokea, akaikagua kwenye mwanga, akaiweka chini ya daftari.

"Chenji sina, baba. Chukua nyingine tisa."